Digrii ya Haraka Haina Baraka? Tuongee

Mwambie Mkenya yeyote kwamba umemaliza digrii kwa mwaka mmoja na nusu, tena ukiwa kwako sebuleni, halafu mtazame usoni. Kwanza atacheka. Kisha atauliza ni chuo gani. Ukimtajia, atasema hajawahi kukisikia, kana kwamba vyuo vyote vya dunia hupitia kwake kujitambulisha. Mwisho atakurushia methali yetu ya haraka na baraka, na hapo mjadala utakuwa umefungwa.

Mimi nataka tuufungue. Hiyo methali imefanyishwa kazi isiyo yake. Imekuwa ngao ya vyuo vinavyouza muda na kuuita elimu.

Tuanze na kinachofanyika hasa, maana wengi wanaokidharau hawakijui. Kule Marekani digrii ya kwanza huwa na krediti 120 hivi. Kozi moja kwa kawaida ni krediti 3, kwa hivyo unaongelea kozi kama 40. Vyuo vingi havikulazimishi uzipate zote chini ya paa moja. Southern New Hampshire University, kwa mfano, hukubali hadi krediti 90 ulizopata kwingine, ukabaki na 30 za kusomea kwao. Hizo 90 zinaweza kutoka chuo ulichoacha ulipoishiwa na karo, ama mitihani ya CLEP, ambayo imekuwepo tangu 1967. Unaingia, unafanya mtihani wa kozi ambayo hukuwahi kuikalia darasani, ukipita umepita. Ama zitoke kwa kampuni kama Sophia, Study.com na StraighterLine. Hizi si vyuo. Zinauza kozi za mtandaoni unazosoma kwa kasi yako. Sophia imekuwa ikitoza dola 99 kwa mwezi, kama elfu kumi na tatu za Kenya, na ukimaliza kozi moja Jumatano unaanza nyingine Alhamisi.

Nani anasema kozi hizo zina uzito? Kuna baraza linaloitwa American Council on Education. Linatuma wataalamu waikague kozi, kisha linapendekeza: hii ni krediti 3 za kiwango cha digrii. Linapendekeza tu. Anayeamua ni chuo. Baraza hilo hilo lilianza kazi ya aina hii kwa ajili ya wanajeshi waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, vijana waliojifunza redio, injini na hesabu za mizinga jeshini, ambao ingekuwa upuuzi kuwaketisha chini wafundishwe upya. Kwa hivyo wazo lenyewe halikuzaliwa juzi na mtu wa mitandao anayetafuta wafuasi.

Na krediti yenyewe ni nini? Hapa ndipo mimi hucheka. Tunaichukulia kama kipimo cha maarifa, kama vile kilo inavyopima unga. Lakini mizizi yake ni pensheni. Mwanzoni mwa karne iliyopita, tajiri Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 ili maprofesa walipwe wakistaafu. Taasisi iliyosimamia pesa hizo ikaweka masharti: chuo kinachotaka walimu wake wafaidike lazima kipime masomo ya wanaojiunga nacho kwa saa walizokaa darasani shuleni. Vyuo vikataka pensheni, vikafuata kipimo, na kikaenea hadi ndani ya vyuo vyenyewe. Hakuna aliyethibitisha kwamba ukikaa kwenye kiti saa kadhaa unajua kitu. Ilikuwa hesabu ya ofisi. Karne moja baadaye, msee anakwambia digrii yako si halali kwa sababu hukukalia kiti vya kutosha.

Sasa turudi nyumbani tuone hiyo miaka minne yetu mitakatifu ina nini ndani.

Ina migomo. Mwaka 2018 wahadhiri wa vyuo vya umma walikuwa nje kwa zaidi ya miezi miwili. Mwaka 2025 waligoma siku 49, wakidai pesa za makubaliano ya 2017 hadi 2021 ambazo walikuwa wanadai tangu zamani. Siwalaumu wahadhiri hata kidogo, mtu akifanya kazi alipwe. Ninachosema ni kwamba siku 49 za kulala hosteli ukipika githeri zimo ndani ya ile miaka minne. Hakuna anayezitoa kwenye hesabu anapokusifia kwamba ulisoma kwa subira.

Ina maksi zinazopotea. Ulifanya kati, ulifanya mtihani, ulitia saini karatasi ya mahudhurio, na transkripti inaonyesha pengo. Unazunguka ofisi kwa ofisi, unamtafuta mwalimu ambaye siku hizi anafundisha vyuo vitatu, na mahafali yanakupita hivi hivi unaona.

Halafu ina zile yuniti za wote. Wewe unayesoma hii ushapitia. Ukumbi wenye watu mia tano, spika inakoroma, mwalimu anasoma noti alizoandika enzi za Moi, mada ni vizuizi vya mawasiliano. Kizuizi nambari moja ni kelele. Mnaandika: kelele.

Mimi nimeandika hiyo kelele mara mbili. Nilisoma diploma ya teknolojia ya habari kwanza, miaka mitatu pamoja na kazi ya nje, nikapita vizuri. Nilipojiunga na chuo kikuu, ambacho sitakitaja, nilipeleka transkripti yangu dipatimenti nikiomba yuniti nilizozisoma zihesabiwe. Kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, zinaruhusu krediti kuhamishwa, mradi zisifike nusu ya programu. Nilizisoma mwenyewe, nikazipigia mstari. Jibu lilichukua miezi miwili na lilikuwa sentensi moja: uanze mwaka wa kwanza. Sababu hakuna. Basi nikaketi tena kufundishwa kipanya ni nini na jinsi ya kuhifadhi faili, mimi ambaye wikendi nilikuwa nafunga mitandao ya ofisi za watu pale Ngara ndio nipate karo ya kulipia hilo somo la kipanya. Nilihesabu yuniti kumi na moja nilizorudia. Kila moja nililipia mara mbili. Mama yangu aliuza ng'ombe kwa moja ya hizo mara mbili.

Kwa hivyo usiniambie habari ya baraka. Nani alibarikiwa pale?

Kuna jambo jingine ambalo hatupendi kulisema kwa sauti. Kwa miaka na miaka, vyumba vya Roysambu na Kahawa Wendani vimejaa vijana wanaoandika insha za wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Filamu ya mwaka 2024, The Shadow Scholars, iliwaonyesha dunia nzima. Wanaitwa waandishi wa kitaaluma, jina tamu kwa kazi isiyo na jina. Jirani yangu mmoja alikuwa anafanya darasa zima la mtu: majadiliano ya kila wiki, majaribio, insha ya mwisho. Ameandika kuhusu uuguzi, sheria za kazi, historia ya Texas. Mwenye darasa huko ana digrii na bima ya afya. Jirani hana hata cheti, kwa sababu karo ilimshinda mwaka wa pili. Udanganyifu ni udanganyifu na siutetei. Lakini angalia kichekesho: tunaambiwa Mkenya hawezi kumaliza kozi ya chuo kwa wiki mbili peke yake na laptopu, wakati kuna Wakenya wanaomaliza tatu kwa wiki, wakiwa na bando la kuombaomba, na krediti zinaingia kwa mtu mwingine.

Mambo ya upande wa pili yapo, na si madogo. Baadhi ya kozi hizi za kulipia kwa mwezi ni nyepesi. Maswali ya kuchagua, kitabu kimefunguliwa pembeni, hakuna anayekusimamia. Mtu anaweza kupita bila kubaki na chochote kichwani, na mimi sitaki muuguzi wa namna hiyo anidunge sindano wala mhandisi wa namna hiyo asimamishe ghorofa Pipeline, ambako zilizopo zinatosha kututisha. Kozi zinazohitaji mikono, maabara na wagonjwa zikae mahali pake. Lakini mbona hoja ya wepesi inaelekezwa upande mmoja tu? Mtihani wa vizuizi vya mawasiliano, ambao maswali yake hurudi kila mwaka na mnayapata pale duka la fotokopi kwa shilingi ishirini, huo ni mzito?

Hatari kubwa kwetu iko kwingine, na ni ya kupoteza pesa. Kuna watu wanakuuzia "ramani" ya digrii ya miezi sita kwa elfu kadhaa, na hawakwambii mambo ya msingi. Western Governors University, ile ya kulipia muhula wa miezi sita na kumaliza kozi nyingi utakavyo, kwa kawaida haichukui anayeishi nje ya Marekani. Kwa hivyo ile hadithi ya binamu wa Dallas haikuhusu wewe wa Donholm. Hawakwambii pia kwamba pendekezo la baraza halikibani chuo: chuo A kitakubali krediti 90, chuo B 30, chuo C sufuri, na usipopata jibu la maandishi kabla ya kulipa, utabaki na vyeti vya kupamba ukuta. Na hawataji kabisa kwamba ukirudi na digrii ya nje, CUE ndiyo huitambua hapa. Itataka vyeti vyako kuanzia KCSE, itataka transkripti, na itataka kujua chuo chenyewe kina ithibati kwao. Mwaka 2022, wakati wa uchaguzi, nchi nzima ilijifunza kuuliza maswali hayo kuhusu digrii za wanasiasa. Mwajiri wako naye alikuwa anasikiliza redio.

Hizo ni sababu za kuwa macho. Si sababu za kudharau. Na zinapaswa kutufanya tuulize kwa nini kijana wa Umoja atume dola ng'ambo kutafuta kitu ambacho sheria ya nyumbani tayari inakiruhusu. Tuna sera ya kutambua ujuzi aliopata mtu nje ya darasa. Tuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichozinduliwa pale Konza Agosti 2023, kinachofundisha kwa mtandao. Tuna kanuni ya kuhamisha krediti. Kilichokosekana ni chuo kinachokubali kupoteza karo ya yuniti ambazo mwanafunzi tayari anazijua. Semeni tu ni pesa, tutaelewa, serikali haiwapi za kutosha. Msituletee falsafa ya subira.

Na kama dipatimenti inahofia kwamba diploma yangu ilikuwa ya kubahatisha, dawa ipo na haihitaji kamati. Chuo kiweke mtihani wa mwisho wa kila yuniti ya wote mwezi Agosti, kabla ya muhula kufunguliwa, kwa yeyote anayedai anaijua. Kiweke msimamizi mkali na maswali mapya, yasiyopatikana kwa fotokopi. Atoze elfu mbili kila mtihani, sina shida. Anayepita asonge, anayeanguka akae ukumbini aandike kelele. Nambari yangu ya simu wanayo kwenye faili, na Jumamosi yoyote mimi niko huru.