Mafuta Ikifichwa, Nani Hulipa? Ile Noma ya 2022 Bado Inatuhusu Mathare

Wasee wa nduthi wanakumbuka Aprili 2022 poa sana. Laini ilikuwa inatoka kwa pampu mpaka barabarani, halafu ukifika mbele unaambiwa petroli imeisha. Lakini ilikuwa imeisha kweli, ama ilikuwa imefichwa?

Form ilikuwa hivi. Kila tarehe 14 EPRA hutangaza bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta taa. Vita ya Ukraine ilikuwa imerusha bei ya dunia, lakini Nairobi petroli ikawekwa 134.72. Ile tofauti, gava iliahidi kulipa kampuni kama ruzuku. Doo ikachelewa.

Sasa fikiria wewe ndio bosi. Tanki imejaa, benki inakudai, gava haijakulipa, na unajua tarehe 14 bei inaweza kupanda. Utauza leo ama utangoja? Na nchi jirani kuna wateja ambao hawabanwi na bei ya EPRA.

Serikali ikasema kampuni zinaficha mzigo. Kampuni zikasema hazijalipwa. Katikati ya Aprili, Jean-Christian Bergeron, bosi wa Rubis Energy Kenya, akafurushwa nchini. Tarehe 14 petroli ikaongezwa 9.90, ikafika 144.62.

Kosa ni gani hasa?

Kufurusha mtu inapendeza kwa habari ya saa moja, lakini haituambii kuchezea soko ni nini. Ulaya waliandika maana yake 2011, kwa sheria ya stima na gesi inaitwa REMIT: ukidanganya soko kuhusu mzigo uliopo, ama ukisukuma bei mahali si pake, umekosa. Hata kujaribu ni kosa. Marekani nao walifunzwa na Enron, ambayo watu wake walichezea stima ya California 2000 na 2001.

Sisi tuko na Sheria ya Ushindani ya 2010. Inakataza kampuni kukaa chini pamoja na kupanga bei au kubana mzigo. Lakini kampuni moja ikiamua peke yake kungoja tarehe 14? Hapo kuthibitisha ni noma.

Dawa si ngumu. Kila kampuni iseme kila siku iko na lita ngapi kwa tanki, na mwananchi aone. Anayesema imeisha na tanki imejaa, huyo amejishika mwenyewe. Na gava ikiahidi ruzuku, ilipe kwa wakati, juu deni lake ndilo linampa mfichaji kisingizio.

Mtaa ndio hulipa

Cheki 2018. Watapeli walikuwa wanachanganya dizeli na mafuta taa juu ilikuwa bei rahisi. Gava ikafanya nini? Ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa. Mathe wa Mathare anayenunua ya stovu kwa chupa hakuwahi kuchanganya dizeli ya mtu, lakini bili ilimfikia yeye kwanza.

Hivyo ndivyo huenda kosa likikosa maana na mkosaji akikosa kushikwa: adhabu inateremka mpaka kwa yule hana tanki. Kwa hivyo tarehe 14 ikifika, usiulize bei pekee. Uliza pia tanki ziko na nini.