Usimwache Shujaa Wako kwa Mama



Wapo mabinti wetu wanaochora kwa rangi za maji, tena wenye mkono mzuri. Hawachori maua tu. Kila mmoja amembuni shujaa wake, msichana mwenye ushungi, na anamfuata picha baada ya picha kama hadithi. Halafu posa inakuja, mahari yanatajwa, siku ya akdi inapangwa, na boksi la rangi linabaki uvunguni kwa mama. Somo anamfunza bibi harusi singo, udi na jiko; hakuna anayemuuliza picha inayofuata ataichora lini. Mimi nasema shujaa huyo ahame pamoja na bibi harusi.

Kwanza, tunamhitaji. Mwaka 2013 Deena Mohamed, akiwa binti mdogo wa Misri, alianza kumchora Qahera, shujaa mwenye hijabu. Mwaka 2014 Kamala Khan, binti Muislamu wa Marekani, alipata mfululizo wake mwenyewe wa vitabu vya picha, kwa jina la Ms. Marvel. Mabinti wa visiwani wanawajua. Lakini yuko wapi anayekanyaga mchanga wetu?

Mtu atasema mashujaa tunao tayari, kina Nusaybah bint Kaab, aliyesimama na upanga Uhud kumlinda Mtume (s.a.w.). Kweli, na tuwasimulie watoto usiku na mchana. Ila masahaba hatuwachori, kwa kuchunga heshima yao. Ndiyo maana kwenye karatasi panahitajika mtu wa kubuni. Wala si lazima aruke angani. Awe binti anayeshuka pwani siku za bamvua kufunga mwani, anayesema kweli mbele ya mnunuzi anayepunja mizani, anayemrudisha mdogo wake skuli.

Pili, dini. Hapa tusipite mbio. Katazo juu ya wachora viumbe wenye roho limo katika Bukhari na Muslim, na Ibn Abbas (r.a.) alimuelekeza mchoraji kwenye miti na visivyo na roho. Wanazuoni wamekhitalifiana: wapo wanaokataza kila picha ya kiumbe, wapo waliolihusisha katazo na masanamu yenye kivuli, na wapo wasioona ubaya kwa umbo lisilo na sura. Tunajua pia, katika Abu Daud, kwamba Bi Aisha (r.a.) alikuwa na vitu vya kuchezea, kimoja farasi mwenye mbawa, na Mtume (s.a.w.) alipomuona alicheka. Hicho kilikuwa cha mtoto kuchezea, nacho hakifuti katazo. Muulize mwalimu unayemuamini, kisha shika njia inayokutuliza moyo.

Anayechagua kutochora sura hajapoteza kitu. Shujaa wa mfululizo hajulikani kwa pua na macho peke yake. Mpe ushungi wa rangi moja katika picha zote, kikapu kilekile, na namna yake ya kuinamisha bega. Mchore kwanza kwenye karatasi ya mfano, mbele, nyuma na ubavu, uwe unairejea. Mtoto atamtambua hata akiwa mbali, amegeuka kutazama bahari.

Na rangi za maji zinalisaidia jambo hili. Weupe wake ni karatasi yenyewe: unaanza na rangi nyepesi, unaongeza nzito kidogo kidogo, na pale unapotaka mwanga unapaacha. Uso usiochorwa unakuwa mwanga. Tafuta karatasi nene ya gramu 300, isijikunje ikilowa, na subiri, maana kwa unyevu wetu huu hukauka taratibu. Nyunyiza punje za chumvi rangi ikiwa bado mbichi. Zitaacha madoa kama povu la wimbi. Adhana ikilia, unanawa na rangi inatoka mikononi, haigandi kama ya kucha inayozuia maji ya udhu.

Sasa nyinyi maharusi. Kuchora huku hakudai chumba wala fundi. Kunataka meza ndogo, bilauri ya maji na saa moja tulivu. Kinachokuua ni kunyamaza. Mwambie mchumba kabla ya akdi, kwa adabu na mbele ya wali wako, kwamba unachora na unataka kuendelea. Mume mwema atauliza tu meza iwekwe wapi. Akikataa, ni bora ulijue mapema kuliko kuligundua mwezi wa tatu wa ndoa. Na mahari ni yako, kwa amri ya Allah katika Suratun Nisaa, aya ya 4. Ukitoa humo fedha ya karatasi na brashi mbili nzuri, hukumdhulumu mtu.

Hadithi nyingi za mwanamke humalizika siku ya harusi, kana kwamba baada ya hapo hakuna la kusimuliwa. Shujaa wako asiishie hapo. Picha ya kwanza utakayoichora kwenye nyumba yako mpya, mchore akifungua dirisha lake mwenyewe.

Allah atubarikie mikono yetu na majumba yetu. Amin.