Nguo Tuzitoazo Huishia Wapi?



Mara kwa mara huletwa milangoni mwetu, hapa Sparkbrook na Small Heath, mifuko ya plastiki yenye maandishi ya kutuomba tuijaze nguo tusizozivaa tena. Nasi huijaza kwa nia njema, tukidhani kwamba zinakwenda kumvika maskini bure. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya nguo hizo huuzwa. Baadhi huuzwa katika maduka ya hisani hapahapa. Zilizobaki hununuliwa na wafanyabiashara kwa uzito, hupambanuliwa, hufungwa marobota na kupakiwa melini. Uingereza ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa kuuza nje nguo kuukuu, na Kenya ni mmoja wa wateja wake. Shati lililotolewa Coventry Road huenda likatundikwa Gikomba, Nairobi.

Wazee wetu wanakumbuka zama za viwanda vya nguo: Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, Mwatex cha Mwanza, Kicomi cha Kisumu. Vilidhoofika kwa sababu nyingi, zikiwemo uongozi mbaya na mitambo chakavu. Lakini milango ya biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980 na 1990, kwa kushinikizwa na wakopeshaji, nguo za kwetu hazikuweza kushindana na shati lililonunuliwa kwa kilo. Pamba ya Usukumani iliendelea kuvunwa, lakini nyingi husafirishwa ikiwa ghafi.

Mwezi wa Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kwamba uingizaji wa nguo na viatu vya mitumba ukomeshwe hatua kwa hatua katika muda wa miaka mitatu. Azimio hilo liligonga mwamba, na sababu yake inafaa tuielewe.

Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria iitwayo AGOA, iliyoziruhusu nchi za Afrika zilizoteuliwa kuuza huko bidhaa nyingi bila ya ushuru. Sheria hiyo ilikuja na masharti, mojawapo likiwa kutoiwekea vikwazo biashara ya Marekani. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kilipeleka mashtaka kwa serikali yao. Kenya, yenye maelfu ya wafanyakazi wanaoshona nguo kwa ajili ya soko la Marekani, ilirudi nyuma. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda peke yake ilishikilia ushuru wake, iliokuwa imeupandisha mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Julai 2018 Marekani ikaziondolea nguo za Rwanda msamaha wa ushuru.

AGOA si mkataba uliofungwa na pande mbili; ni sheria ya nchi moja, na aliyeitunga ndiye mwenye uwezo wa kuitoa na kuizuia. Uchumi unaojengwa juu ya fadhila ya namna hiyo hauna uhuru wa kujiamulia. Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Na wakubwa wenyewe walifanyaje? Mwaka 1721 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku uvaaji wa vitambaa vya pamba vilivyopigwa chapa, ili kuwalinda wafumaji wa sufi na hariri. Katika mji wetu huuhuu, Mei 1903, Joseph Chamberlain alisimama katika Town Hall akaanza kupigania ushuru juu ya bidhaa za kigeni. Ushuru huo ukawekwa mwaka 1932, mwanawe Neville akiwa Waziri wa Fedha. Na tangu 1974 hadi mwisho wa 2004, nchi tajiri ziliwekeana makubaliano rasmi ya kupunguza nguo zitokazo nchi maskini.

Hata hivyo, tusihukumu kwa pupa. Mitumba inawalisha wachuuzi, wachukuzi na mafundi cherehani wengi, na miongoni mwetu wamo waliowatumia jamaa zao mtaji wa robota la kwanza. Kuifunga ghafla kungewaumiza, na pengine nafasi yake ingechukuliwa na nguo mpya za bei nafuu kutoka Asia kabla viwanda vyetu havijaamka. Lakini uamuzi mzito kama huo ulipasa kupimwa kwa maslahi ya mkulima wa pamba, mshonaji na mchuuzi, wala si kwa hofu ya kufungiwa soko.

Basi, tunapotoa nguo kwa nia ya sadaka, tuulize kwanza zinakokwenda. Tunapokwenda kuwatembelea jamaa, tununue nguo zilizofumwa huko, tukisoma vizuri chapa zake. Na vijana wetu wanaosoma vyuo vikuu hapa wasiidharau sheria ya biashara, kwani katika vikao vya namna hiyo nchi zetu zinahitaji watu wanaoweza kuusoma mkataba hadi mstari wa mwisho.

Wabillahi tawfiq.