Mhubiri aliyelegeza hatamu

John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alizunguka Uingereza akihubiri, kitabu mkononi, hatamu zimelegea shingoni mwa farasi. Mwaka 1770 aliandika katika shajara yake kwamba farasi asiyevutwavutwa hujikwaa mara chache sana. Wengi waliamini kinyume chake. Yeye aliendelea kusoma.

Katika mahubiri yake ya mwaka 1781 alidai kuwa hata wanyama watakombolewa. Hilo wanateolojia wabishane watakavyo.

Lenye uzito zaidi ni agizo lake kwa wahubiri wenzake, maana ndilo lililomfaa farasi jioni ileile: usimkimbize kupita kiasi, na ukifika, ushuhudie kwa macho yako mwenyewe akisuguliwa manyoya, akilishwa na kutandikiwa majani ya kulalia. Kumwachia mtumishi kisha ukaingia ndani kusali hakukutosha.