Kuvuka mpaka si kurudi

Kirundi kina maneno mawili ambayo kila aliyewahi kuwa mkimbizi anapaswa kuyatafakari. Guhunga ni kukimbia nchi. Guhunguka ni kurudi kutoka huko ulikokimbilia. Mwalimu wa lugha anaona mara moja kwamba neno la pili linalitengua la kwanza, kama kufungua kunavyotengua kufunga. Kurudi, basi, ni kuyafungua mafundo yote ya kule kukimbia. Lori la wakimbizi humaliza kazi yake kwa siku moja, likishafika Mugina au Kobero. Mafundo yaliyomo moyoni huchukua miaka.

Nasema hivi nikiwa mmoja wao. Wazazi wangu walikimbia mauaji ya mwaka 1972, nami nikasoma Mishamo, Tanzania, kwa Kiswahili. Serikali ya Tanzania ilipowapa wakimbizi wa 1972 nafasi ya kuchagua, wengi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu waliomba uraia. Sisi wengine, zaidi ya 50,000, tulirudi Burundi, hasa mwaka 2008 na 2009. Kule tulikuwa Warundi. Hapa tukaitwa Watanzania. Watoto wetu waliozoea Kiswahili waliingia katika madarasa ya Kifaransa, na kijana mwenye ndevu akaketi dawati moja na watoto wa miaka kumi.

Lakini fundo kubwa lilikuwa ardhi. Shamba la baba yangu, karibu na Rumonge, tulilikuta na michikichi ya familia nyingine. Watu hao hawakuwa wezi. Walikuwa wamepewa na wakubwa wa wakati huo, wakazaa hapo na kuzika hapo. Kesi yetu iliisha kwa kugawana nusu kwa nusu. Baba alitia dole gumba kwenye karatasi, ila moyo haukutia sahihi. Kwa muda wa miaka minne, mzee yule akikaa benchi la mbele kanisani, baba alihamia la nyuma. Walipokea meza moja ya Bwana bila kusalimiana.

Siku mke wa mzee yule alipofariki, baba alichukua jembe asubuhi na mapema akaenda kuchimba kaburi. Hakutumwa na mchungaji wala na mimi mwanawe. Tangu siku hiyo wakawa wanasalimiana, na mpaka wa shamba ukabaki palepale ulipowekwa.

Wafanyabiashara wa mpakani watanielewa upesi. Kila mwenye duka ana daftari la madeni, na ndani yake yamo majina ya watu ambao hawatalipa kamwe. Mfanyabiashara anayeshinda akilifungua daftari hilo na kuhesabu kile ambacho angekuwa nacho hachukui mzigo mpya. Mwenzake anapiga mstari, anameza hasara, kesho yake anaonekana Manyovu akipakia mchele. Si bahati kwamba katika Injili ya Mathayo, sala aliyotufundisha Bwana inaliita kosa kuwa deni. Kusamehe ni kupiga mstari ukijua wazi kiasi ulichopoteza. Asiyejua kiasi hicho hajasamehe, amesahau tu.

Hapo ndipo napenda kutofautiana na mahubiri tunayoyasikia mara nyingi, kwamba Mkristo aachane na yaliyopita na asiyataje tena. Biblia haisemi hivyo. Wayahudi waliporudi kutoka Babeli na kuweka msingi wa hekalu jipya, kitabu cha Ezra kinasimulia kwamba wazee waliolikumbuka lile la kwanza walilia kwa sauti huku vijana wakishangilia, hata sauti ya kilio haikuweza kutengwa na ya furaha. Hakuna aliyewanyamazisha wazee wale. Na ujenzi haukusimama kwa ajili ya machozi yao.

Naye Nehemia, alipowakuta waliorejea wamewekeana rehani mashamba na kuwatumikisha watoto wa ndugu zao, hakuwaambia maskini wasamehe wanyamaze. Aliwaita wakubwa, akawakemea hadharani, akataka mashamba yarudishwe. Kusamehe kwa moyo hakumwondolei mtawala wajibu wa haki.

Hata watumishi wa Mungu wamepishana juu ya haki hiyo. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, iliongozwa kwanza na Padri Astère Kana, aliyependelea wanaogombania shamba wagawane. Kuanzia mwaka 2011 ikaongozwa na Monsinyori Sérapion Bambonanire, aliyetaka mkimbizi arudishiwe mali yake. Wote wawili ni wa Kanisa moja. Imani haitupi ramani ya shamba. Inatuuliza tutakaaje na jirani baada ya ramani kuchorwa.

Ukweli pia lazima usemwe. Mwezi Februari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kwamba mabaki ya watu zaidi ya 6,000 yalipatikana katika makaburi sita ya halaiki huko Karusi. Kuna waliotambua nguo, miwani na rozari za wapendwa wao. Nani atathubutu kumwambia mjane wa namna hiyo kwamba yaliyopita si ndwele? Yeye ana haki ya kuujua mfupa wa mumewe. Tunachoweza kumwombea ni kwamba chuki isiwe ndiyo urithi atakaowaachia wajukuu.

Nayaandika haya kwa sababu safari hazijaisha. Waliokimbia mwaka 2015 walianza kurudishwa kwa mpango rasmi kutoka Tanzania mwezi Septemba 2017, na kila msafara una mtoto atakayeitwa mgeni nchini mwake. Kwa wachungaji na mapadri nina ombi: kabla ya kumhubiria msamaha mtu aliyeshuka lorini jana, mpeni kwanza nafasi ya kulia, kisha mmsindikize kwa mkuu wa kilima kuulizia shamba la babaye. Kwa mliobaki nchini: mwenye kurudi akija mlangoni kwako, mpe maji kabla ya kumwuliza anadai nini.

Na kwetu sisi tuliorudi zamani, tusisubiri jirani aombe radhi kwanza. Huenda naye anatusubiri, maana hata waliobaki walikimbizwa na kuzika watu wao. Jumapili hii, ukimkuta kwenye benchi la mbele, kaa hapohapo.