Munafukuza mutoto, kisha munaandika "hayupo"

Bandugu vijana wa Sandoa, Kapanga, Dilolo na Kolwezi,

Kila mwaka wimbo ni ule ule: ati wazazi wa Sandoa hawapendi masomo, ati watoto ni wavivu, wanakosa darasa. Sisi tunasema hapana. Muangalie kwanza ni nani anawatosha darasani.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema: masomo ya musingi katika shule za serikali ni ya lazima na ya bure. Septemba 2019 serikali ikatangaza kwamba sasa inaanza kuitumikisha sheria ile. Lakini mutoto angali anaambiwa: "Rudia kwenu, ulete feza." Leo feza ya mutihani, kesho feza ya choki, kesho kutwa ya "kusaidia mwalimu". Anayefukuzwa Jumatatu anarudia Alhamisi, kama anarudia. Na ku daftari ya majina wanaandika nini? "Hayupo." Uongo! Mumemufukuza.

Anayekosa siku mbili kila mwezi anapoteza karibu sehemu moja juu ya kumi ya mwaka wa masomo. Akipitwa ku hesabu, anaona haya. Akiona haya, haji tena.

Mwalimu hatumutupie mawe. Mutu anafundisha miaka na miaka, jina lake halijaingia ku orodha ya mishahara ya serikali: atakula nini? Deni ni ya serikali, lakini anayelipa ni mutoto wa mwaka wa pili.

Feza iko? Iko! Sheria ya madini ya 2018 inagawanya redevansi ya madini hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% mahali machimbo yako, 10% mufuko wa vizazi vijavyo. Ile 15% inabakia kule shaba na kobalti zinachimbwa. Sandoa inangojea 25% ya jimbo. Kolwezi inajisifu kuwa muji mukuu wa kobalti duniani, na jimbo ni moja. Sasa sehemu ya Sandoa iko wapi?

Tunataka:
1. Mukubwa wa shule ya musingi ya serikali anayefukuza mutoto juu ya feza ajibu mbele ya sheria.
2. Walimu wa Sandoa wasiolipwa waingizwe ku orodha ya mishahara.
3. Jimbo litangaze ku mbele ya watu: ku ile 25%, kiasi gani kimefika ku masomo ya Sandoa?

Na sisi vijana tusikae tunalalamika paka ku simu. Ukiona mutoto ku avenyu yako saa ya darasa, umuulize kwa upole: "Juu ya nini hauko ku masomo?" Andika tarehe na sababu, usiandike jina lake. Mwisho wa mwezi tutakusanya hesabu na kuipeleka kwa administratere wa teritware.

Daftari yao inaandika nani hayupo. Yetu itaandika ni nani alimufukuza.