Miduara ya Mashambani na Swali la Kalunguyeye

Kati ya maelezo yote yaliyowahi kutolewa kuhusu miduara ya mashambani kule Uingereza, ninayoyapenda zaidi ni yale ya kalunguyeye. Kwa asiyemfahamu, kalunguyeye ni mnyama mdogo mwenye miiba mgongoni, anayejikunja kama mpira akiogopa. Watu walisema, wengine kwa mzaha na wengine nusu mzaha, kwamba majira ya kupandana yakifika, dume humzunguka jike usiku kucha, na asubuhi mkulima hukuta ngano yake imelala chini kwa mduara.

Katika makala haya natetea hoja moja: maelezo ya kuchekesha ya namna hii ni bora kuliko maelezo mengi mazito, na sisi wa kitivo cha lugha tunayahitaji kuliko wakulima wa Kiingereza.

Kwanza habari yenyewe. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, wakulima wa kusini mwa Uingereza, hasa katika majimbo ya Hampshire na Wiltshire, walianza kukuta nafaka imelazwa chini kwa umbo la mduara safi. Mashina hayakukatwa, yalilazwa tu, yote upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Baadaye mduara mmoja ukawa mitano, mitano ikawa michoro mirefu, na mnamo Agosti 2001 huko Milk Hill, Wiltshire, ulionekana mchoro wenye miduara 409. Watalii walifika kwa mabasi. Baadhi ya wakulima, baada ya kulia kidogo juu ya ngano yao, waliweka sanduku la kiingilio langoni.

Maelezo yakamiminika. Mtaalamu wa hali ya hewa, Terence Meaden, alisema ni kimbunga kidogo chenye chaji ya umeme kinachoshuka kwenye miteremko ya vilima. Wengine walitaja nguvu za ardhini karibu na mawe ya kale ya Stonehenge na Avebury. Wengine wakasema ni vyombo vya viumbe wa sayari nyingine vilivyotua kupumzika. Waliopenda historia wakafukua kijitabu cha mwaka 1678 kutoka Hertfordshire: tajiri mmoja aligombana na mfyekaji maskini juu ya ujira, akaapa kwamba ni afadhali Shetani alifyeke shamba lake. Usiku shamba likaonekana kama linawaka moto, na asubuhi nafaka ilikuwa imekatwa kwa miduara. Mwanafunzi wa semantiki atauliza mara moja: imekatwa au imelazwa? Kijitabu kinasema imekatwa. Lakini vitenzi viwili tofauti havikumsumbua mtu aliyekwisha kuamua kwamba habari ni moja. Mimi kinachonivutia katika kisa hicho ni kwamba Shetani ndiye fundi pekee aliyekubali kazi bila kujadili malipo.

Mwaka 2009 Australia nayo ikaleta mchango wake. Mwanasheria mkuu wa jimbo la Tasmania, Lara Giddings, aliiambia kamati ya bunge kwamba kangaruu wadogo huingia katika mashamba ya mipopi, yale yanayolimwa kihalali kwa ajili ya dawa za hospitali, wanakula, wanalewa, kisha wanazunguka na kuzunguka mpaka wanaanguka. Hapo ndipo miduara inapotoka, alisema. Nadhani hakuna kumbukumbu za bunge zilizosomwa kwa furaha zaidi mwaka ule.

Sasa tumweke kalunguyeye kwenye mizani. Maelezo yake yana kasoro gani? Ni rahisi kuona. Kalunguyeye ana miguu mifupi, uzito wake hautoshi kulaza ngano ya eneo kubwa, na hajui jiometri. Ukikesha usiku mmoja na tochi, nadharia imekufa. Huo ndio uzuri wake. Mzaha husema kitu kinachoweza kupimwa na hukubali kushindwa. Nadharia nzito haikubali. Kimbunga cha Meaden kilifaa kwa mduara mmoja, lakini michoro ilipopata mistari na pembe, kimbunga nacho kililazimika kuwa na akili zaidi kila mwaka. Wageni wa angani ndio wagumu kabisa: mchoro ukiwa mzuri, ni kazi yao, ukiwa mbaya, ni kazi ya waigaji.

Jibu lilikuja mwaka 1991. Wazee wawili wa Southampton, Doug Bower na Dave Chorley, waliliambia gazeti la Today kwamba wao ndio walioanza. Wazo lilizaliwa wakiwa kwenye kinywaji. Bower alikuwa amewahi kuishi Australia, ambako mwaka 1966, karibu na mji wa Tully, mduara ulionekana kwenye majani ya kinamasi na watu wakasema ni kiota cha chombo cha angani. Vifaa vyao vilikuwa ubao, kamba, na kofia yenye waya wa kulengea ili watembee kwa mstari ulionyooka. Gazeti liliwaomba watengeneze mchoro mmoja, kisha likamwita Pat Delgado, mtafiti maarufu wa miduara, aukague. Akasema huu ni wa kweli, hauwezi kuwa kazi ya binadamu. Alipoambiwa ukweli alikiri kwamba amedanganywa, na kwa hilo namheshimu. Wenzake wengi walijibu kwamba wazee wawili hawawezi kutengeneza miduara yote, kwa hiyo iliyobaki ni ya kweli. Maana yake: wa kweli ni ule ambao mtengenezaji wake hajajitokeza bado.

Mwaka 1992 wawili hao walipewa tuzo ya Ig Nobel ya fizikia, ile ya utani. Utani wenyewe hautafsiriki kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza neno moja hubeba shamba la ngano pamoja na uga wa wanafizikia. Sisi tuna maneno mawili, kwa hiyo tunacheka tukiwa tumechelewa kidogo.

Katika kisa hiki chote, msomaji bora wa ishara hakuwa mtafiti yeyote. Alikuwa mke wa Bower. Yeye hakwenda shambani wala hakupima mashina. Aliangalia mita ya gari, akaona kilomita hazilingani na safari anazozijua, akahitimisha kwamba mume wake ana mwanamke mwingine. Hitimisho lilikuwa na kosa, lakini mbinu ilikuwa sahihi: alianza na swali la nani, lini na kwa gharama gani, na mshukiwa alipobanwa akaeleza yote.

Hapa ndipo somo letu linapoingia. Wahenga wanasema dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli, lakini mawingu hayamwandikii mtu barua. Dalili haina mwandishi. Ishara ya lugha ina mwandishi, ina msomaji, na ina makubaliano kati yao. Watafiti wa miduara walichanganya mambo haya mawili. Waliona umbo, wakauliza lina maana gani, kabla ya kuuliza kama kuna mtu anayesema.

Na pale palipokuwa na maneno kweli, sarufi ilitoa ushahidi wa bure. Katika miaka ya 1980, kwenye shamba moja la Hampshire, yaliandikwa kwa herufi kubwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya “hatuko peke yetu”. Watu wakatetemeka. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza angeuliza: “sisi” ni akina nani? Mgeni wa angani anayetuhurumia angesema “hamko peke yenu”. Kimalei kina viwakilishi viwili hapo: kita, sisi pamoja na wewe unayesikia, na kami, sisi bila wewe. Kiingereza na Kiswahili havina tofauti hiyo, kwa hiyo mwandishi aliweza kujificha. Lakini hata hivyo nafsi ilimsaliti: aliyeandika vile alikuwa amesimama upande wetu wa anga. Bower na Chorley baadaye walisema ni kazi yao.

Mwaka 2002, huko Crabwood karibu na Winchester, ulionekana uso wa kiumbe aliyeshika diski, na ndani ya diski kulikuwa na ujumbe kwa msimbo wa ASCII, ule ambao kompyuta zetu hutumia kubadili herufi kuwa namba. Uliposomwa, ulikuwa Kiingereza, ukionya juu ya waletao zawadi za uongo, na baadhi ya maneno yaliandikwa kwa herufi kubwa ili kuyatia mkazo. Fikiria: kiumbe anavuka anga lote, anachagua msimbo uliobuniwa Marekani, anaandika Kiingereza, na anatia mkazo kama mtu anayetuma ujumbe wa hasira kwa simu. Kama kweli ni mgeni, basi amesoma shule moja na majirani zake wa Winchester.

Tumecheka vya kutosha, turudi nyumbani. Sisi pia tuna miduara yetu, ila hatuilazi kwenye ngano, tunailaza kwenye karatasi. Ni zile orodha za maneno mawili mawili: neno la lugha yetu upande huu, neno la lugha ya mbali na ya fahari upande ule, yanafanana sauti, yanafanana maana, na mwishoni hitimisho kwamba mababu zetu walitoka huko. Umbo ni zuri. Kila anayelitazama kutoka juu anastaajabu. Lakini kalunguyeye anauliza: je, haiwezi kuwa bahati tu? Mbwa kwa Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Australia, aliitwa dog, sawa kabisa na Kiingereza, na lugha hizo mbili hazina undugu wowote. Ukitafuta katika maelfu ya maneno, utapata mengine kama hilo, katika lugha yoyote utakayochagua.

Au haiwezi kuwa mkopo? Nchini Tanzania, mzunguko wa barabara huitwa kipilefti, na wingi wake ni vipilefti. Ukikutana na neno hilo bila historia yake, utaliweka katika ngeli ya KI-VI, utatenga kiambishi, na kuanza kutafuta mzizi wa Kibantu. Ukweli ni kwamba ni amri ya Kiingereza kwa madereva, kwamba washike kushoto. Hapa kwetu Kongo, tunakoendesha upande wa kulia, neno hilo likitiiwa litaleta ajali.

Undugu wa kweli hauna mvuto wa namna hiyo. Kikongo kina mvula, nzila na dila. Kiswahili sanifu kina mvua, njia na lia. L ya katikati imeanguka mara tatu, mahali pale pale. Kiswahili cha Lubumbashi kinasema mvula, na kinatukumbusha kwamba sauti hiyo haijaenda mbali. Hakuna anayepanda basi la watalii kwenda kutazama l iliyoanguka. Lakini ni kanuni, inatabiri neno linalofuata, na utabiri ukishindwa tutajua.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni zito. Kwa miaka mingi wageni walicheka maelezo yetu. Mduara ukitokea Wiltshire unaitwa fumbo, unapigwa picha kutoka angani na kuandikiwa vitabu. Ungetokea katika shamba la mihogo huku kwetu ungeitwa ushirikina, na aliyeueleza angeitwa mjinga. Je, leo sisi wenyewe tushike kicheko kile kile?

Jibu langu ni kwamba kuna vicheko viwili. Kimoja humcheka mtu, naye akinyamaza, uchunguzi umekwisha. Kingine hulicheka wazo, na humwachia mwenye wazo nafasi ya kujibu. Kicheko cha kwanza tulifanyiwa. Cha pili ni haki yetu, na tukianza nacho kwenye kazi zetu wenyewe hakuna atakayesema tunadharau. Tena kuna fahari iliyo mbaya kuliko dharau, ile ya kukubali hoja dhaifu kwa sababu tu inatusifu. Lugha zetu hazihitaji babu wa kuazima. Zina historia yao, na inasomeka ndani ya sauti zao.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa wenzangu na kwa walimu wetu. Katika kila utetezi wa kazi ya mwisho, kabla jopo halijauliza juu ya nadharia, mwanafunzi aulizwe swali la kalunguyeye: ni maelezo gani ya bei rahisi kabisa, hata ya kuchekesha, yanayoweza kutoa data hii hii? Ni bahati? Ni mkopo? Ni mzee aliyechoka na maswali kumi akajibu lolote ili aende kula? Ni kijana aliyekubali kila tulichotaja kwa sababu sisi ni wageni wake? Mwanafunzi aeleze amejuaje kwamba sivyo. Akishindwa, arudi kijijini na daftari lake, maana hitimisho likishachapishwa, mwalimu wa shule atalipokea na kuliandika ubaoni, na watoto wataliimba kama jedwali la kuzidisha.

Bower na Chorley walimaliza kwa kukiri. Mizizi ya maneno tuliyoibuni sisi haitakuwa na mtu wa kuikiri, kwa sababu kila mmoja wetu ataamini kwamba aliikuta shambani asubuhi.